Mwaka Niliopima Uyoga

Habari za kifo cha Mama Nafula nilizipata kwa fundi wa cherehani, pale Kamenu, nilipompelekea sketi aikaze kiunoni. Fundi huyo alipanga nasi katika ploti moja Kiganjo, mtaa wa Thika, tukiwa wasichana, na hajapoteza tabia ya kutoa habari kubwa akiwa na pini mdomoni. “Mama Nafula ametuacha,” akasema, “walimzika kwao wiki iliyopita. Hukusikia?” Sikuwa nimesikia. Nilikaa kwenye benchi la wateja, na kilichonijia kwanza hakikuwa sura ya marehemu bali harufu: upande mmoja wa ukuta uyoga ukichemka na karanga za kusaga, upande wa pili nguo zangu za kazi zikinuka asidi. Nilikaa na harufu hizo mbili mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo nilikuwa naogopa. Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga na sijawahi kuona haya kwa hilo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na methali hiyo imenitunza vizuri maishani. Mwaka ule tu ndio haikunifaa.

Ploti yetu ilikuwa vyumba vya mawe vilivyotazamana, mfereji mmoja wa kuchotea maji katikati, na kamba za nguo zilizokufanya uiname ukienda chooni. Kuta hazikufika kwenye mabati. Juu palibaki nafasi ya kupitisha mkono, kwa hiyo jirani akikohoa ulimwambia pole bila kuinuka kitandani. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Nafula, mama mnene wa kutoka magharibi aliyefagia katika kiwanda cha nguo, na pamoja naye bintiye Nafula, rika langu, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Mume wa Nafula aliendesha malori na tulimwona kama mgeni. Mimi nilikuwa nimemaliza diploma ya kemia, nina kitanda, jiko la mafuta, sufuria mbili na imani kubwa katika mambo yanayopimika. Siku ya kwanza mvua ilipokatika, Mama Nafula aligonga mlango akaniwekea mezani bakuli lililofunikwa sahani. Kwetu uyoga hatukuula. Tukiwa watoto tuliambiwa tusiuguse hata kwa kijiti. Lakini alisimama pale akingoja, mikono kiunoni, na mimi huogopa kumwudhi mtu mzima kuliko ninavyoogopa sumu, basi nikala. Ulikuwa laini kama nyama ya kuku, mchuzi wake mzito wa karanga, na nililamba bakuli. “Wakikuyu nyinyi,” akasema akicheka, “mmekaa miaka yote mkikanyaga nyama.” Tangu siku hiyo bakuli hilo lilienda na kurudi kati yetu, kwake likija na uyoga, kwangu likirudi na githeri ya mahindi na maharagwe, kwa sababu hakuna anayerudisha chombo cha mwenzake kitupu.

Kazi yangu ilikuwa Ruiru, katika maabara ndogo ya kupima udongo na majani ya kahawa, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenyewe alikuwa Bwana Virdi, mzee wa Kisikh aliyezaliwa Thika, mwenye kilemba cha samawati na miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliyeongea Kikuyu na wakulima wa kahawa vizuri kuliko mimi. Mashine yake ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na katikati uliwaka moto mwembamba wa buluu. Ulichotaka kupima ulikikausha, ukakisaga, ukakichemsha ndani ya asidi mpaka kikawa maji maangavu. Kisha mrija ukayanyonya maji hayo hadi kwenye moto, na tarakimu zikatokea kukuambia ni kiasi gani cha metali kilichomo. Niliogopa mtungi wa gesi, niliogopa moshi wa rangi ya kahawia uliotoka kwenye asidi, na niliogopa zaidi Bwana Virdi akisimama nyuma yangu kimya. Ila tarakimu zenyewe nilizipenda. Sikujua bado kwamba siku moja zitaniogopesha kuliko mtungi.

Mwaka huo shirika moja la kanisa lilituletea kazi. Walitaka kujua kama uyoga wa porini unaoliwa na watu wa mitaa ya viwanda una metali nzito ndani yake, na kama udongo unaouotesha ni salama. Mpango ulikuwa rahisi: tuchukue uyoga na udongo wa karibu na viwanda vya Thika, halafu tuchukue wa mahali safi, tulinganishe. Mahali safi Bwana Virdi alipachagua yeye, mashamba ya kahawa ya Ruiru, mbali na moshi. Shida ni kwamba uyoga wa kichuguu haungoji mtu mwenye diploma. Huchomoza mvua ikishakatika, na kabla jua halijapanda wanawake wanaoujua wameshaumaliza. Kila nilipofika na mifuko yangu na mwiko wa kuchimbia nilikuta mashina yaliyokatwa na nyayo za makubazi. Niliporudi mikono mitupu mara ya tatu, Bwana Virdi alisema, “Wairimu, wewe unaishi na watu wanaochuma. Kwa nini unakimbizana nao? Waulize.” Nikaona ni kweli. Nikamwomba Mama Nafula anigawie uyoga mbichi kila anapochuma, naye akafurahi sana, hata akajisifu mferejini kwamba uyoga wake unaenda kupimwa na mashine. Aliuleta umeoshwa ukang'aa, umelazwa juu ya jani la mgomba, maana humpi mtu chakula chenye mchanga. Nikamuuliza ameutoa wapi. “Huko Ruiru,” akasema, “kwa kahawa.” Nikaandika kwenye lebo: Ruiru, kahawa.

Uyoga nilioupata mwenyewe baadaye karibu na viwanda ulikuwa na metali kiasi cha kumfanya Bwana Virdi avute ndevu. Hatukushangaa. Lakini uyoga wa Mama Nafula, wa mahali safi, ulipoingia kwenye moto, tarakimu za risasi zilipanda zikazipita zote. Nazungumzia risasi ile metali ya kijivu iliyo ndani ya betri za magari, ambayo ikiingia mwilini haina kazi yoyote ya maana ila kuharibu. Bwana Virdi alitazama, akasema, “Chupa chafu. Rudia.” Nikaosha chupa kwa asidi, nikarudia, na jibu likawa lile lile. Akavua koti lake la suti, akavaa jeupe, akarudia mwenyewe toka mwanzo, huku mimi nikimwombea akosee. Hakukosea. Siku iliyofuata tulienda kwenye kahawa, tukachimba udongo mwekundu chini ya miti na pembeni mwa vichuguu, tukaupima. Ulikuwa msafi. Bwana Virdi akavua miwani. “Huu uyoga haukuota pale. Huyo mama amekudanganya.”

“Mama Nafula hadanganyi,” nikasema, nikashangaa sauti yangu ilivyotoka kali.

“Basi kahawa ndiyo inadanganya. Chagua.”

Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi niliingia katika giza hilo kwa njia yangu ya kawaida, yaani nikijifikiria mwenyewe kwanza. Nilikumbuka mabakuli. Katika kitabu kimoja cha Bwana Virdi nilisoma kwamba mtu aliyejaa risasi huota mstari wa buluu kwenye fizi, basi kila asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni na kioo kidogo, nimevuta mdomo wa juu kama punda. Nafula alinikuta hivyo. Aliniuliza kama natafuta mume ndani ya meno. Nilicheka naye, lakini kicheko hakikudumu, kwa kuwa wakati ule ule niliona tumbo lake lilivyotangulia mlangoni kabla yake, na wazo lililonijia lilinifanya nikae chini. Mimi nilikula bakuli moja moja. Yeye alikuwa anakula kila siku.

Na jioni, kupitia ile nafasi ya juu ya ukuta, nilisikia mazungumzo yaliyonichanganya. Mama anaingia, anavua viatu, binti anauliza, “Umeniletea?” Mama anajibu, “Nimekuletea, ya leo ni laini.” Kisha kimya, na katika kimya hicho sauti ndogo ya kutafuna kitu kikavu. Nilidhani ni uyoga uliokaushwa. Jumamosi nilitoka nje nikamkuta Nafula ameketi kwenye kigoda akimenya minji, yaani njegere, karai katikati ya miguu, na kando ya karai kipande cha gazeti chenye madonge ya kijivu. Alimenya, akamega donge, akalitia mdomoni, akaendelea kumenya.

“Nafula, hiyo unakula ni nini?”

“Si udongo tu. Ile ya kununua inanikwaruza koo. Hii ya mama iko sawa, ata inanuka mvua.” Alifumba macho akitafuna, na uso wake ulitulia.

“Anaitoa wapi?”

“Pale pale anatoa uyoga. Hii ndio kichuguu yenyewe.”

“Kwa kahawa? Ruiru?”

Nafula alicheka mpaka akashika tumbo, minji zikamwagika. “Wee Wairimu! Kwani uliamini? Kila mtu anasema ni kwa kahawa. Hiyo ni kukuambia usiniulize. Mahali ya uyoga haitajwi. Ukiitaja inafunga, haioti tena, wewe na watoto wako mnakaa hivyo tu mkiangalia mvua.”

Mwenye mila alijibu kwa adabu ya mila, na mimi nikaibandika adabu hiyo kwenye chupa kama anwani. Nilinyoosha mkono nikaomba anigawie donge moja. Nafula aliacha kutafuna, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akapiga kofi la furaha. “Haiya! Na wewe pia? Mimba ni ya nani?” Alinifungia vipande viwili vikubwa, akasema nianze na kile laini. Sikumsahihisha. Nilirudi chumbani na kifurushi kile, nikakiweka mezani, nikashindwa kula chakula cha mchana nikiwa nacho chumba kimoja.

Jumatatu niliupika udongo ule katika asidi. Mtu akipima kitu chenye metali nyingi mno, mashine hushindwa kukisoma, ikabidi ukizimue kwa maji na kupima tena. Tulizimua. Tarakimu ikafika mwisho wa uwezo wa mashine. Tukazimua tena, na tena, na Bwana Virdi, ambaye siku zote alipiga nyimbo za hekaluni kwao kwa mluzi akifanya kazi, aliacha mluzi. Mwishowe mashine ilipoweza kusoma, tulizidisha nyuma kurudi kwenye donge lenyewe. Alikagua hesabu yangu kwa kidole, mstari kwa mstari. Halafu akauliza kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, “Huu umetoka kwenye shimo la taka?”

“Umetoka kwa jirani yangu. Anaula.”

“Anaula vipi?”

“Ana mimba, Bwana Virdi. Anaula kama karanga.”

Alinyoosha mkono akafunga gesi. Moto ukazimika, maabara ikawa kimya kiasi cha kusikia watu wa duka la mbele wakipimiana misumari. “Nenda nyumbani,” akasema. “Usingoje jioni. Nenda sasa.” Nilivua koti na sikukumbuka hata kulitundika. Njiani kote niliomba Mungu mambo ya kipumbavu: kwamba mvua inyeshe nichelewe, kwamba nimkute Mama Nafula hayupo, kwamba mtu mwingine apewe maneno haya ayabebe badala yangu.

Nilimkuta yupo. Chumba chao kilikuwa kama changu kwa ukubwa lakini kiliwezaje kuingiza makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo vya wageni na kitanda nyuma ya pazia, sijui mpaka leo. Alikuwa anasonga ugali, akaniambia nikae, chakula kiko tayari. Nilikaa. Nilisema yote kwa haraka, vibaya, nikichanganya mashine na betri na damu ya mtoto, na mwiko wake ukaenda ukipungua kasi mpaka ukasimama ndani ya sufuria. Nafula alikuwa amekaa kwenye kitanda, pazia wazi, gazeti lake mapajani.

“Unasema,” Mama Nafula akaanza, akatua. “Unasema mimi ndio nimelisha mtoto wangu sumu.”

“Hapana, mama. Nasema mahali penyewe ni pabaya. Nataka unionyeshe.”

“Hata mama yangu sikumwonyesha. Alikufa bila kujua mahali mimi nachuma, na mimi sikujua pake. Ndio kusema tulipendana.” Ugali ulianza kuungua na hakuna aliyeujali. “Sisi kwetu tumekula kichuguu tangu zamani, Wairimu. Mimi mwenyewe nilikula nikiwa na huyu. Si unamwona? Ana kasoro gani?”

“Hicho ulichokula kilikuwa kwenu, mama. Hiki si kile.”

Alinigeukia kwa hasira ambayo nilidhani itanitoa nje, na laiti ingenitoa ningeshukuru, ningeenda kulala nikiwa nimetimiza wajibu. Lakini Nafula alisema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, “Mama, mwonyeshe.” Kisha akalikunja lile gazeti na madonge yake, akalifunga vizuri kama mtu anayefunga zawadi, akaninyooshea. Mdomoni alikuwa bado ana kipande. Sikujua kama ateme au ameze, naye hakujua, akabaki akinitazama na shavu limetuna. Hiyo ndiyo picha ambayo imenirudia mara nyingi zaidi kuliko nyingine zote za mwaka ule, jicho la Nafula likiniuliza afanye nini na kile kilicho mdomoni.

Asubuhi Mama Nafula alinipeleka. Nilitazamia safari, maana nilikuwa bado na Ruiru kichwani, lakini tulitembea tu hadi pembeni mwa mtaa, tukazunguka nyuma ya ukuta mrefu wa yadi iliyofungwa zamani. Zamani humo ndani watu walikuwa wakivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha kilichomo, wakaondoka, wakaacha geti na kufuli. Nje ya ukuta nyasi zilikuwa ndefu na za kijani cha kupendeza. Chini yake nilikanyaga maganda meusi ya betri, mengine yamezama nusu ardhini. Vichuguu vilikuwa vitatu. Kimoja kilikuwa kimechimbwa ubavuni, alama za kisu zikiwa bado mbichi. Palikuwa mahali patulivu, ndege wanaimba, na nilisimama pale nikiogopa kuvuta pumzi.

“Kwa nini hapa, mama?” nikauliza. “Kahawa iko tele.”

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huosha mikono. “Kwa kahawa si wananyunyizia dawa? Nimewaona na mashine mgongoni, wamefunga mdomo. Mimi niseme nilishe msichana mjamzito vitu za dawa? Nilitafuta mahali hakuna mtu analima, hakuna mtu ananyunyiza, ng'ombe haikanyagi. Nilitafuta sana. Hapa ndio nikaona ni safi.” Alipomaliza kusema hivyo alikitazama kichuguu, akatazama yale maganda meusi ambayo lazima aliyakanyaga mara nyingi bila kuyapa maana, na nikaona akiyaelewa. Mikono ilimpanda kichwani. Hakulia. Alikaa tu kwenye nyasi, na nilipoharakisha kumwinua kwa sababu ya udongo ule, alinisukuma, akasema nimwache kwanza.

Niliripoti mahali pale kwa ofisi iliyohusika. Walikuja, wakapigilia kibao cha onyo, na baada ya muda kibao nilikiona kimekuwa mlango wa banda la kuku. Lakini hilo si jambo lililonikosesha usingizi. Daktari wa Thika alichukua damu ya Nafula, ikapelekwa Nairobi, na jibu liliporudi alimweleza kwa maneno machache kwamba risasi imo na ni nyingi. Aache udongo, aache uyoga, anywe maziwa, ameze vidonge vya madini ya chuma, mengine yatangojwa. Neno hilo la kungojwa lilitupiga. Nilikuwa nimezoea kwamba ukishajua tarakimu umemaliza kazi, kumbe kwa Nafula ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nafula aliacha udongo siku ile ile, na kuacha kulimtesa. Mvua ikianza kupiga vumbi la uani alitoka akasimama mlangoni akinusa, machozi yanamtoka. Mama alimkaangia mihogo mikavu, akamletea barafu ya dukani atafune, akamletea njugu, na jioni kupitia nafasi ya ukuta sikusikia tena “Umeniletea?” Nilisikia mama akihesabu vidonge na binti akisema amechoka. Uyoga haukupikwa tena upande ule. Bakuli lilikuja na maharagwe, nikarudisha na maziwa, na Mama Nafula alinisalimu kwa adabu ile ile ya zamani, ila hakucheka. Nadhani alinihitaji na hakuweza kunivumilia, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliogopa kugonga mlango wao, na niliogopa zaidi kutogonga.

Siku moja Nafula aliniita nikamsaidie kukamua nguo, maana tumbo lilishamzuia kuinama. Tulishika shuka huku na huku, tukaisokota mpaka maji yakaisha, na akiwa bado ameshika upande wake aliuliza, “Wairimu, hiyo kitu ikiingia mwilini inaenda wapi?”

“Inakaa kwa damu kidogo. Halafu inaenda kwa mifupa.”

“Mifupa ya nani?”

Nilikuwa nimesoma jibu. Nilijua kwamba mama mwenye mimba hukopesha mtoto hata mifupa yake, na kilichojificha humo hutoka pamoja na mengine. Nilisimama na shuka mkononi, sikuweza kulitoa jibu hilo mdomoni. Nafula aliniangalia, akavuta shuka yake taratibu kutoka mikononi mwangu, akaenda kuianika mwenyewe.

Alijifungua hospitali ya Thika, msichana, na wakampa jina Nekesa kwa vile ulikuwa msimu wa mavuno kwao. Siku waliyorudi nyumbani chumba kilijaa kina mama wa ploti, wamekaa mpaka juu ya mikono ya makochi, uji wa wimbi unapita kwa vikombe, kila mtu anasema mtoto amefanana na nani. Fundi wa cherehani alikuwepo, amemshonea kofia. Mimi nilijibana karibu na kabati la vyombo. Nilikuwa nimefurahi, nasema kweli, lakini hofu ilikuwa imekaa pale pale chini ya furaha na haikutaka kunyanyuka. Mama Nafula alimchukua mtoto kutoka kwa mwanamke mmoja, akapita katikati ya magoti ya watu, akaniwekea mapajani. Kelele zikapungua.

“Wewe ndio uliona ile kitu sisi hatukuona,” akasema. “Mwangalie sasa. Uniambie ni mzima.”

Kila mtu alingoja. Nikafunua shuka. Vidole vyote vilikuwepo, masikio, macho yaliyofumbwa kwa nguvu dhidi ya mwanga wa mlangoni. Lakini risasi haili vidole. Kile inachokula huonekana polepole, mtoto akichelewa kuketi, akichelewa kutamka, akiwa shuleni anatazama ubao na maneno hayakai. Wote walitaka nitaje neno moja dogo, na lilikuwa karibu kabisa na ulimi. Mama Nafula alikuwa ameinama mbele yangu, uso wake umbali wa pumzi, na nikaona kwamba huyu mtu aliyenifunulia mahali pake pa kuchuma, jambo ambalo hakumfanyia hata mama yake, hastahili kuambiwa jambo nisilolijua.

“Bado sijui, mama,” nikasema. “Leo hakuna anayeweza kujua.”

Mmoja wa kina mama alisonya. Mwingine akasema kwa sauti kwamba huyu msichana ataletea mtoto mkosi. Mama Nafula hakuwageukia. Alinitazama, macho yamejaa, akaitikia kwa kichwa polepole, kisha akamfunika mtoto akiwa bado mapajani pangu na hakumchukua. “Basi usihame,” akasema. “Ukae hapa mpaka tujue.”

Sikuhama mpaka Nekesa alipoanza shule. Alichelewa kidogo kuongea, au hakuchelewa, hata mamake na mimi hatujawahi kukubaliana. Sasa ni mwanamke mzima, ana duka lake la dawa Ruiru, mcheshi, msahaulifu kidogo, na sijui usahaulifu huo ni wake au ni wa ule udongo wa nyuma ya yadi ya betri. Hunipigia simu Jumapili moja moja baada ya kanisa, ingawa safari hii alikuwa bado kwao kwenye matanga. Naye akianza kuongea, bado mimi husikiliza kwanza jinsi anavyoyatamka maneno, neno kwa neno, ndipo nirudi nyuma kumuuliza alikuwa anasema nini.